Kilomita Hazipimi Siku: Trela, Mlima na Saa za Mwanga katika Njia ya Buleusa

Miongoni mwa wanaopanga safari za magari katika Kivu ya Kaskazini, wawe wafanyabiashara wa Goma, maafisa usafirishaji wa mashirika ya misaada au wenye magari wenyewe, umeenea msimamo kwamba mwendo wa siku moja hupimwa kwa kilomita, na kwamba gari likiwa zima na dereva akiwa mzoefu, umbali ulioandikwa kwenye ramani hugawanywa kwa kasi ya wastani na jibu linalopatikana ndiyo saa ya kufika. Msimamo huu hutumiwa hata pale gari linapovuta trela, yaani chombo chenye magurudumu kisicho na injini yake, kinachofungwa nyuma ya gari kwa kiungo cha chuma, na ambacho Wakongo wengi hukiita kwa jina la Kifaransa, remorque. Makala haya yanadai kwamba msimamo huo ni kosa, tena kosa linaloumiza watu. Katika njia za Masisi na Walikale, na hasa zile zinazoelekea Buleusa, kipimo cha haki cha mwendo wa siku ni saa za mwanga zilizobaki, pamoja na mahali ambapo trela linaweza kugeuzwa au kulala. Kilomita zina kazi moja tu, nayo ni kukadiria mafuta.

Buleusa iko katika grupema ya Ikobo, yaani kundi la vijiji lililo chini ya chifu mmoja, upande wa kaskazini wa teritware ya Walikale, jirani na Lubero. Mwaka 2016 palikuwa na kituo cha askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, kando ya kambi ya wakimbizi wa ndani, na mahali pa namna hiyo huhitaji vitu ambavyo pikipiki haivimudu: matangi ya maji, jenereta, mabati, makasha ya dawa. Ndivyo vitu vinavyopakiwa kwenye trela dogo la magurudumu mawili na kuvutwa na gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Msomaji aliyezoea kuona karavani, yaani trela lenye vitanda na jiko ambalo familia za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini huvuta wakati wa likizo, atakuta kwamba mzigo umebadilika lakini kanuni za uzito, breki na uchovu ni zile zile, isipokuwa kwamba huko kosa la hesabu huharibu likizo, na huku huacha zahanati bila dawa na watu porini usiku.

Kabla ya kuupinga msimamo huo ni haki kueleza ulikotoka, kwa sababu haukuzaliwa na ujinga. Ulizaliwa kwenye lami. Katika Ushoroba wa Kaskazini, njia kuu ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa kupitia Nairobi na Kampala hadi Rwanda na mashariki ya Kongo, lori lenye trela linaweza kukaa katika kasi moja kwa saa nyingi, hivyo umbali na muda vinaenda bega kwa bega na kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, inayoruhusu gari lenye ekseli saba kufikia tani 56, iliandikwa kwa ajili ya barabara za aina hiyo, na Kongo imo ndani ya Jumuiya hiyo tangu mwaka 2022. Lakini mzigo uliosafiri kwa trela refu hadi Goma hushushwa hapo, ukagawanywa kwenye malori madogo, na kuanza safari nyingine kabisa. Ajabu ni kwamba mzigo unabadilishiwa gari huku hesabu ya siku ikiachwa vilevile.

Hata wenye karavani wa Marekani, ambao wana barabara bora kuliko zote zinazozungumzwa hapa, wamejiwekea kanuni maarufu ya tatu tatu: kutovuka maili 300 kwa siku, ambazo ni karibu kilomita 480, kufika kabla ya saa tisa alasiri, na kukaa mahali pamoja siku tatu kabla ya kuendelea. Wanaoinukuu kanuni hii huku kwetu hushika ile namba ya kwanza na kuipunguza, wakisema kama Mmarekani anakwenda 480 basi Mkongo aende 150, na kudhani kwamba wamekuwa waangalifu. Wamekamata sehemu isiyo na maana. Namba ya maili ni zao la barabara za huko na haiwezi kuhamishwa, hata ikikatwa mara tatu, wakati saa ya kufika haitegemei lami hata kidogo, kwa kuwa inahusu jua, macho ya mwanadamu na kazi inayobaki baada ya kusimama: kutafuta mahali tambarare, kulisawazisha trela, kukagua matairi, kupika, kulala. Hiyo ndiyo sehemu iliyostahili kuchukuliwa.

Tena Waswahili hawakuhitaji kuichukua kwa wageni. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwa kuwa eneo hili lote liko karibu na ikweta, mwanga hudumu takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na giza likiingia huingia kwa haraka. Anayesema ni saa sita mchana amekwisha kusema kwamba nusu ya mwanga imekwenda na nusu imebaki. Lugha imembebea msafiri kipimo chake, na msemo wa kawaida wa wazee kwamba mahali fulani ni mwendo wa siku mbili, au mwendo wa kutoka asubuhi hadi saa tano, ulikuwa na taarifa nyingi kuliko namba ya kilomita, kwa maana ulijumuisha mlima, mto, tope na mzigo kichwani.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na ile ya Tippu Tip iliyovuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema ikichukua pembe na, kwa aibu kubwa ya historia, watu waliofanywa watumwa, haikupangwa kwa umbali. Kwa kawaida wapagazi waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, na kituo kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa na maji na chakula, hata kama kilikuwa karibu mno na kile cha jana. Neno kituo lenyewe lina maana ya mahali pa kutua mzigo. Siku ndefu ilitokea pale tu ambapo maji yalikosekana katikati, na hapo msafara wote ulijua mapema kwamba siku hiyo ni ya taabu. Watu hao hawakuwa wazembe. Walibeba uzito, na mwenye kubeba uzito hujua kwamba swali la kwanza ni wapi utautua.

Trela ni uzito unaobebwa nyuma, na hapa ndipo hoja ya kilomita inapoanguka kwa kishindo zaidi, kwa sababu wanaoitetea hulitazama trela kama gari lile lile lililorefushwa kidogo. Uchukuliwe mfano wa gari la tani tatu linalovuta trela la tani moja na nusu kuteremka mlima ambao chini yake ni mita 600 chini ya kilele chake. Nguvu ambayo uzito huo wa tani nne na nusu unaiachilia katika kushuka ingetosha kuchemsha lita 80 hivi za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Joto hilo lote lazima liende mahali. Sehemu huchukuliwa na hewa, sehemu huzuiwa na injini iwapo dereva ameweka gia ndogo, na kinachobaki huingia kwenye breki. Breki zikipata moto kupita kiasi, mafuta yaliyo kwenye mirija yake huanza kuchemka na kutoa mapovu, na kwa kuwa mapovu hubonyea na mafuta hayabonyei, mguu unashuka hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Madereva wa zamani wana kanuni ya kuteremka kwa gia ile ile ambayo ingepandia mlima huo, nayo ni kanuni sahihi; lakini gia hiyo ni mwendo wa mtu anayetembea haraka, na anayepanga safari kwa kilomita hakuweka mwendo huo katika hesabu yake. Anapochelewa, kitu cha kwanza ambacho dereva hulazimika kukiacha ni gia ndogo.

Trela lisilo na breki zake huongeza hatari hiyo maradufu. Katika Umoja wa Ulaya trela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750 kwa jumla, pamoja na mzigo wake, na kikomo hicho kimewekwa kwa barabara zilizotengenezwa. Matrela mengi madogo yenye breki hutumia breki za msukumo, ambazo hufanya kazi pale trela linapolisukuma gari kwa nyuma na kubana fimbo ndani ya kiungo; kwenye mteremko mrefu msukumo huo haukomi, hivyo breki za trela hushikwa muda wote na kupata moto bila dereva kuhisi chochote mguuni. Kadhalika mzigo ukipangwa vibaya, kiasi kwamba uzito unaoegemea kiungo ukapungua chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela, mkia huanza kuchapa kulia na kushoto, na kila shimo barabarani huongeza mchapo huo. Mizigo husogea njiani. Magunia yaliyokuwa mbele asubuhi huwa nyuma adhuhuri baada ya kupanda mlima, na ni lazima kusimama, kufungua turubai na kupanga upya.

Yupo mtu anayelijua jambo hili kuliko wengi wenye magari, naye ni mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kisicho na pedali ambacho Goma imekijengea sanamu. Anayeshuka na chukudu iliyojaa viazi au makaa kutoka vilimani hana injini ya kumzuia. Ana kipande cha tairi la zamani anachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma, pamoja na miguu yake mwenyewe. Hapangi siku yake kwa umbali wa soko. Anaipanga kwa miteremko: wapi atasimama mpira upoe, wapi ardhi ina changarawe na wapi ina utelezi, na mahali gani mvua ikimkuta atashusha mzigo na kungoja. Elimu hiyo iko wazi barabarani kila asubuhi, mbele ya ofisi ambazo bado zinagawanya kilomita kwa kasi.

Hata hivyo breki si jambo baya kuliko yote. Jambo baya kuliko yote kuhusu trela katika njia za Masisi ni kwamba haligeuki. Gari la kawaida likikuta lori limenasa kwenye tope na kuziba njia, dereva hugeuza na kurudi kijiji alichokipita. Gari lenye trela, katika barabara ya udongo yenye ukingo wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, haliwezi kugeuza. Ni lazima lirudi kinyumenyume, pengine mamia ya mita, huku trela likienda upande wa pili wa ule ambao usukani umekatwa. Tandiboi, yule msaidizi ambaye Wakongo humwita convoyeur, hushuka na kabari ya mti mkononi, akatembea nyuma ya gurudumu la trela akionyesha kwa kiganja, na kila mara gari linaposimama anaitupia kabari chini ya tairi ili uzito usiliburute gari lote bondeni. Dereva hamwoni vizuri. Anasikia sauti yake na kipigo cha kiganja kwenye bodi: kimoja simama, viwili endelea. Kazi hiyo ikifanyika saa nne asubuhi ni usumbufu. Ikifanyika saa moja usiku, kwa taa za nyuma zilizopakwa tope na mvua ikinyesha, ni kuhatarisha maisha ya kijana huyo kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo anayepanga mwendo wa siku wa gari lenye trela anapaswa kuanza kwa kuorodhesha mahali pa kugeuzia: uwanja wa soko, ua wa parokia, kiwanja cha shule, njia panda pana, geti la hospitali. Umbali kati ya mahali pa kugeuzia na mahali pengine pa kugeuzia ndio umbali halisi wa safari hiyo, kwa sababu kila dereva anapokiacha kituo kimoja anakuwa ameamua, atake asitake, kukifikia cha pili. Katika njia ya Goma kuelekea kaskazini-magharibi, Sake, Kitchanga, Mweso yenye hospitali kuu ya rufaa, na Pinga ni vituo vya aina hiyo, na katikati yao kuna vijiji ambamo lori haliwezi hata kupishana na pikipiki mbili zilizobeba makaa. Ramani huonyesha kwamba Pinga iko yapata kilomita 150 kutoka Goma. Haionyeshi kwamba katika kilomita hizo mahali ambapo mtu mwenye trela ana hiari ya kubadili nia panaweza kuhesabika kwa vidole.

Tuseme safari inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na imekusudiwa kukoma saa tisa. Hizo ni saa nane na nusu. Kila baada ya saa moja gari lisimame dakika kumi, dereva apitishe kiganja juu ya kitovu cha kila gurudumu la trela. Kitovu kisichoshikika kwa moto kina beringi inayokaribia kusagika au breki iliyoshika, na tairi la trela linaweza kuisha upepo na kuchanika kabla aliye mbele hajahisi lolote. Hapo imekwenda zaidi ya saa moja. Chakula ni nusu saa. Vizuizi vya tozo, ambavyo vitajadiliwa chini, vikiwa sita tu na kila kimoja kikila robo saa, vinachukua saa moja na nusu. Kupishana na malori na kungoja yaliyonasa kuondolewa kuwekewe saa moja, ambayo ni kidogo. Zinabaki saa nne na kitu za magurudumu kuzunguka. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao kwenye udongo ulioloa na trela nyuma si mwendo wa kudharauliwa, siku hiyo ina kilomita zisizozidi 55. Siku yenye kipande cha lami cha Goma hadi Sake itakuwa ndefu zaidi, na siku ya mvua itakuwa fupi zaidi au haitakuwapo kabisa. Anayesema Pinga ni safari ya siku moja amezitoa wapi saa zake?

Mvua inastahili neno lake. Sehemu kubwa ya mvua katika milima hii hunyesha baada ya adhuhuri, hewa iliyopata joto asubuhi inapopanda na kupoa juu ya vilele, na udongo mwekundu wa mfinyanzi uliokuwa mgumu saa tatu huwa kama sabuni saa tisa. Ndiyo sababu kanuni ya vizuizi vya mvua, yaani mbao zinazofungwa kuvuka barabara ya udongo ili magari mazito yasipite mpaka ikauke, ni ya busara ingawa madereva huilalamikia. Maana yake kwa mpangaji ni kwamba mlima mbaya kuliko yote wa njia hiyo uwekwe asubuhi, hata kama kufanya hivyo kunalazimisha kulala mapema jana yake chini ya mlima huo baada ya mwendo wa saa tatu tu. Mtetezi wa kilomita huona siku hiyo fupi kuwa imepotea, ilhali ni siku hiyo iliyoinunua kesho yake.

Yako mambo ambayo hayamo katika udongo wala chuma. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Antwerp, Ubelgiji, ilichapisha ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini na kuhesabu 798, vingine vya dola, vingine vya makundi yenye silaha, ambako kila kipitacho hutozwa. Tangu hapo vita vimebadilisha njia zenyewe: Kitchanga iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2023, Goma Januari 2025, na mji wa Walikale ulitekwa Machi 2025 kabla ya wapiganaji hao kuuacha mwezi uliofuata. Kila mstari wa mapigano unaposogea, njia iliyokuwa ya siku mbili huzunguka na kuwa ya siku nne, na bado kilomita za kwenye ramani ya zamani huendelea kunukuliwa.

Hapa watetezi wa mwendo mrefu huwa na hoja yao nzito kuliko zote, na ni lazima ijibiwe kwa uzito wake. Wanasema kwamba katika nchi yenye bunduki, hatari iko katika kulala njiani. Kwamba kila usiku unaoongezwa ni nafasi ya kuvamiwa, na kwa hiyo ni salama zaidi kusukuma gari hadi mwisho kwa siku moja kuliko kugawanya safari mara tatu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inalinganisha vitu viwili ambavyo havipo mezani. Inalinganisha usiku wa njiani na usiku wa kufika salama, wakati chaguo lililo mbele ya dereva mwenye trela saa nane mchana, akiwa na kilomita 60 za mlima mbele yake, ni kati ya kulala mahali alipopachagua na kulala mahali ambapo tope litamchagulia. Anayelala Mweso kwa mpango yuko karibu na watu, ameaga alikotoka, anatarajiwa anakokwenda, na trela lake limeelekezwa njia ya kutokea. Aliyenaswa katikati ya msitu saa mbili usiku hana lolote kati ya hayo, tena hawezi hata kukimbia, kwa sababu gari lake limefungwa kwenye tani moja na nusu ya mzigo ambayo ndiyo inayotamaniwa. Kama usalama wa kituo fulani umevunjika, jibu la haki ni kwamba safari hiyo isifanywe, au isifanywe na trela. Hatari ya kulala mahali pabaya haiwezi kugeuzwa kuwa kibali cha kutembea usiku.

Kuhusu uchovu hapahitajiki maneno mengi. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, uliweka kikomo cha saa tisa za kuendesha kwa siku, mapumziko kila baada ya saa nne, na saa kumi za kupumzika mfululizo. Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa na uwezo kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kileo katika damu. Dereva aliyeamka saa kumi alfajiri kupakia, na saa tatu usiku bado anapambana na usukani, amefikia hapo bila kuonja chochote, na kazi yake kwa siku hiyo, ya gia ndogo, kona na kurudi nyuma, ni nzito kuliko ya yule aliyekuwa akifikiriwa na mkataba ule.

Inabaki hoja ya gharama. Posho ya usiku, mafuta ya ziada, mzigo unaochelewa: haya ni kweli, na mfanyabiashara mdogo anayekodi gari hayalipi kwa urahisi. Lakini gharama ya siku tatu zilizopangwa huandikwa kabla ya safari na kugawanywa kwenye bei ya mzigo, wakati gharama ya siku moja iliyoshindikana humwangukia mtu mmoja mmoja: tandiboi aliyevunjika mguu chini ya trela, dereva anayekatwa mshahara kwa ekseli iliyopinda, mama wa Ikobo anayerudi zahanati mara ya tatu kuuliza kama dawa zimefika. Hesabu ya kilomita huonekana rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya bili yake hulipwa na watu wasiokuwamo ofisini ilipopigwa. Hilo ndilo linaloifanya kuwa suala la haki, na ndiyo maana haitoshi kulichukulia kama tofauti ya mazoea kati ya maafisa na madereva.

Karatasi ya safari, ile ambayo Kongo huitwa ordre de mission na ambayo dereva huionyesha kila kizuizi, kwa kawaida huwa na jina lake, namba ya gari, mahali pa kutoka, mahali pa kwenda, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ya kurudi, ikishapigwa mhuri, humsukuma dereva kuliko injini yake. Kuongeza mistari miwili tu kungebadilisha mengi: mmoja wa saa ambayo gari lazima liwe limesimama popote lilipo, na mwingine wa jina la kila mahali pa kugeuzia katika njia hiyo, yote ikiwa na sahihi ya aliyemtuma, ili dereva aliyesimama saa nane na nusu chini ya mlima, kitovu cha gurudumu kikiwa na moto chini ya kiganja chake na wingu likishuka upande wa Walikale, awe na karatasi inayomruhusu kumwambia tandiboi aweke kabari, wafungue jiko, wangoje asubuhi.